Chumvi ya Mama wa Mfano

Simu ilipokatika Edisa alicheka peke yake jikoni, akacheka mpaka mume wake akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyesubiri miaka na miaka nyuma ya mlango, halafu siku moja akaletewa ufunguo mkononi bila kuuomba.

Aliyempigia alikuwa Mama Musimenta, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa kule Bwera. Jumamosi wangemtunuku Mama Alisi, mjane wa mzee Yonasani, wamwite Mama wa Mfano, kwa kuwa alilea watoto wake na wasio wake na wote wakakua na adabu. Akina mama hao wana desturi yao: anayetunukiwa hufungwa kitenge kipya kiunoni na mtoto aliyemlea, na mtoto humfunga akiwa amepiga magoti, ukumbi mzima ukitazama. Wana wa kuzaa wa Alisi walihamia Butembo zamani na hata salamu hawaleti. Aliyebaki karibu ni Edisa, mtoto wa mke wa kwanza, tena mtu wa kujulikana, maana kila Alhamisi husikika redioni Kasese akiwafundisha wazazi jinsi ya kulea. Basi aje amfunge mama yake kitenge, kisha awape akina mama somo.

Apige magoti. Mbele ya Alisi. Kwa hiari yake mwenyewe, huku watu wakipiga vigelegele.

"Nitakuja," Edisa alikuwa amejibu simuni kwa sauti ya asali. "Nitakuja bila kukosa."

Alipandisha sketi akayaangalia magoti yake. Ngozi pale ilikuwa nene na yenye vidoa vyeupe, na hakuna mafuta yaliyowahi kuvifuta. Mama yake mzazi alifariki Edisa akiwa bado hajaota meno ya pili, akabaki mikononi mwa Alisi. Baba yake, Yonasani, alikuwa dereva wa lori la chumvi, akibeba kutoka ziwa la Katwe mpaka ng'ambo ya mpaka, na gunia moja la chumvi ya mawe halikukosekana katika kona ya jiko lao. Mtoto akivunja kikombe, akichelewa mtoni, akijibu kwa mdomo mrefu, Alisi hakuwa na haja ya fimbo. Alichota chumvi ile, akaimwaga sakafuni, akamwambia Edisa apige magoti juu yake mpaka sombe iive. Na sombe, yaani kisamvu, wanaoipika wanajua, si mboga ya kuiva haraka. Edisa akilia, Alisi aliongeza maji chunguni.

Baba alikuja mara mojamoja na mkate na peremende. Alimpakata bintiye, akamtania, akamwimbia, na asubuhi alikuwa ameshaondoka. Hakuwahi kuuliza kwa nini mtoto hakai vizuri akipakatwa.

Ndipo Edisa alipokula viapo viwili. Cha kwanza, kwamba siku moja Alisi atapiga magoti juu ya chumvi na yeye Edisa atakuwa amesimama. Cha pili, kwamba akijaliwa mtoto, mtoto huyo hatakatazwa kitu.

Hicho cha pili alikitimiza bila kusaza. Binti yake wa pekee, Immy, aliyekuwa sasa kidato cha pili, alilelewa kama yai. Asipotaka kuchota maji, mama alichota. Alipomtukana mke wa jirani hapo kwenye nyumba za polisi, mama alimwonea huruma kwa kununa kwake akamnunulia simu mpya. Mume wake, Sajini Semakula, Muganda wa Masaka aliyeletwa Kasese na kazi ya polisi, alijaribu kufungua mdomo mara mbili tatu. Edisa alimfunga mdomo kwa kumwonyesha magoti yake, na mwanamume wa watu angejibu nini?

"Kwa nyumba hii mimi ni konstebo tu," Semakula alizoea kuwaambia wenzake. "Afande ni Immy."

Wenzake walicheka. Edisa naye alicheka, akidhani ni sifa. Na Alhamisi alikaa mbele ya kipaza sauti akawaambia wazazi kwamba mlezi ana mikono miwili, mmoja wa kukumbatia na mwingine wa kushika, na kwamba mtoto aliyenyimwa mmoja kati ya hiyo hukua na kilema. Alilisema vizuri sana somo hilo. Nyumbani kwake mkono wa pili ulikuwa umefungwa kitambaa tangu Immy azaliwe, maana kila alipotaka kuunyosha aliuona kuwa mkono wa Alisi.

Jumamosi asubuhi walikodi gari dogo, Edisa na Immy, Semakula akiwa kazini. Walipofika njia panda ya Kikorongo, pale malori yanapopumzika na wachuuzi wanapokimbilia madirisha, Edisa alimwambia dereva asimame. Mwanamke mmoja mzee, mwenye tezi kubwa shingoni, alikuwa ametandaza chumvi ya mawe juu ya gunia, ile ya kijivu ambayo watu huwalambisha ng'ombe na mbuzi.

"Nipe hilo bonge kubwa," alisema Edisa. Alilipima uzito kwa mikono miwili, akafurahi.

Immy alikuwa ametoa simu dirishani. Alimpiga mwanamke yule picha ya video, kisha akajigeuzia kamera, akajaza hewa mashavuni, akashusha kidevu na kukoroma kumwigiza. Mwanamke aliona. Alivuta leso yake akaifunika shingo, akageukia pembeni.

"Immy, jamani wewe," alisema mama yake, huku akitabasamu kidogo, akilifunga bonge katika khanga. Mawazo yake yalikuwa Bwera.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Mama Musimenta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alimpokea Edisa kwa kumbatio na kumwongoza mpaka viti vya mbele, na hapo Edisa akamwona Alisi. Alikuwa amekuwa mdogo. Mabega yameinama, fimbo mapajani, miguu haigusi sakafu vizuri. Edisa aliona hasira inampanda upya, kana kwamba yule mzee amezeeka makusudi ili akwepe kulipa.

"Umekuja," alisema Alisi. Alizaliwa Kasindi, ng'ambo ya daraja la mpakani, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha huko. "Beko wazima kule kwako?"

"Wazima," Edisa alijibu, bila kutoa mkono.

Sifa zikamwagwa. Huyu alisema Mama Alisi hajawahi kukosa ibada, yule akasema watoto wa nyumba ile walikuwa na adabu mpaka majirani wakaona wivu. Wanawake walimvisha mzee kilemba cha ukoka, mmoja baada ya mwingine, naye akawa ametazama sakafu. Kila neno lilimchoma Edisa palepale kwenye magoti. Adabu! Alitaka kusimama juu ya kiti apige kelele. Alijizuia, maana alichobeba kwenye khanga kilikuwa na sauti kubwa kuliko yake.

"Sasa leo iko siku kubwa," Mama Musimenta alitangaza, akiinua kitenge kipya, cha njano chenye maua ya bluu. "Mutoto wetu Edisa, ule wa redio, atamufunga mama yake hii nguo. Halafu atatufundisha. Makofi!"

Edisa alisimama. Hakukipokea kitenge.

"Nitaanza na somo," alisema. Alifungua khanga, akaliweka bonge la chumvi juu ya saruji mbele ya meza, akaliponda kwa jiwe lililokuwa likizuia mlango. Vipande vikatawanyika. Akavisambaza kwa kiatu chake taratibu, kama mtu anayeanika mtama.

"Mnasema tulikuwa na adabu. Kweli. Nitawaeleza ilitoka wapi." Akawaeleza yote. Gunia, kona ya jiko, sombe. Aliwaambia kuhusu maji yaliyoongezwa chunguni kila alipolia. Alipandisha gauni lake la gomesi mpaka juu ya magoti, mbele ya mke wa mchungaji na wote, akawaonyesha. Mwanamke mmoja nyuma alianza kusikitika kwa sauti, mwenzake akamnyamazisha.

"Mama wa Mfano," Edisa alisema, akimgeukia Alisi. "Njoo uwape mfano. Piga magoti hapa."

"Edisa, binti yangu, hii nini sasa?" Mama Musimenta alimshika mkono. "Mutu mukubwa hafanyiwi hivi. Tutaongea kando."

"Mimi niliongewa kando?"

Kila mtu alitegemea mzee atakataa, au atalia, au atajifanya hasikii. Edisa mwenyewe alitegemea hivyo, na alikuwa ameandaa maneno ya kila moja. Alisi hakufanya lolote kati ya hayo. Alimpa jirani yake fimbo, akajivuta mpaka ukingoni mwa kiti, akateremka. Alitembea akishika migongo ya viti. Alipofika kwenye chumvi alishika ukingo wa meza, akashusha goti moja, kisha la pili, na wote walisikia punje zikisagika chini yake.

Ilikuwa tamu. Tusidanganyane, ilikuwa tamu sana. Edisa aliona uso ule ukijikunja kwa maumivu na moyo wake ukaruka. Alitaka kuiona kwa muda mrefu. Alitaka sombe iwekwe motoni sasa hivi, tena mbichi, isitwangwe.

Ndipo Immy alipokuja mbele na simu yake.

Alikuja akicheka. Alichuchumaa mbele ya mzee, akamsogezea kamera usoni. "Mukaka, bibi, inua uso basi. Hapana, usishike meza, ni kudanganya hiyo!" Akaupangusa mkono wa mzee kutoka kwenye meza kama mtu anayefukuza nzi. Alisi aliyumba, akatua viganja juu ya chumvi, na chozi likamtoka. Immy akageuka kwa mama yake, macho yanang'aa. "Mama, analia! Niongeze?"

Hakungoja jibu. Alizoa konzi ya chumvi akaimimina taratibu mbele ya mikono ya mzee.

Edisa aliijua sauti ile. Niongeze. Aliijua namna ya kuchota, mkono ukizungushwa kidogo kwenye kiwiko. Hakuna mtu aliyemfundisha Immy, na Alisi hakuwahi kumlea hata siku moja. Huyu alikuwa mtoto aliyelelewa kwa busu na ndiyo ya kila siku, na alikuwa amechuchumaa mbele ya bibi kizee akifurahia chozi lake.

Alisi aliinua uso. Hakumtazama Immy. Alimtazama Edisa.

"Huyu mutoto," alisema polepole, "hakuna mutu alimwambiaka apana. Hata siku moja."

Loo, Edisa alimchukia! Alimchukia kuliko siku zote za jikoni, kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli, tena akiwa magotini. Angeweza kusamehe tusi kuliko ukweli ule kutoka kwenye mdomo ule.

"Immy," alisema. "Leta simu."

"Nini?"

"Leta simu."

Immy alicheka. "Wewe mama wacha bwana. Narekodi."

Edisa alimshika kifundo cha mkono. Immy alijivuta, akaona mama haachii, na kicheko kikamkauka. Akapiga ukelele. Alipiga mguu chini, akasema mama amemwaibisha, akasema anamchukia, anataka baba yake, na mbele ya ukumbi mzima akamtemea mama yake mate kwenye gomesi. Mkono wa kulia wa Edisa ukapanda juu wenyewe, umefunguka, uko tayari. Wanawake walivuta pumzi. Alisi, akiwa bado chini, aliufuata mkono ule kwa macho.

Kupiga kungekuwa rahisi. Kuachia kungekuwa rahisi zaidi, maana ndilo alilolizoea: kumfuta mtoto machozi, kumrudishia simu, kumnunulia soda. Edisa alisimama pale na mkono hewani, hajui aupeleke wapi, mtu anayelipwa na redio kuwaambia wengine la kufanya. Mwishowe aliushusha, akamzungushia Immy begani, akamvuta karibu. Mkono mwingine haukukiachia kifundo.

"Unanichukia, nimesikia," alisema. "Simu utaleta. Sitakupiga, na sitakuachia. Lia mpaka uchoke, niko hapa."

Immy alilia. Alilia hasa, kilio cha mtu aliyegonga ukuta mahali alipojua pana mlango. Alijaribu kukwepa, akabembeleza, akalegea mwili wote kama anazimia. Edisa alisimama naye, jasho likimtiririka, aibu ikimtafuna mbele ya watu waliokuja kumsikiliza mtaalamu. Hakuna aliyesogea. Hatimaye vidole vikalegea na simu ikabaki kwenye kiganja cha mama.

"Video tutafuta pamoja. Sasa mshike mukaka wako umwinue. Kisha lete ufagio."

"Kwa nini mimi? Wewe ndiye uliimwaga!"

Neno hilo lilimpata Edisa sawasawa. "Kweli," alisema. "Nitaokota na wewe."

Immy alimwinua mzee, akimshika kwapani bila kumtazama, na wanawake wawili wakampokea na kumkalisha kwenye kiti cha mbele. Magoti yake yalikuwa na alama nyekundu. Ufagio ukaja. Immy akafagia huku akishusha kwikwi, na Edisa akawa chini, akiikusanya chumvi kwa viganja kuiweka kwenye khanga, punje zikimchoma mahali palepale pa zamani. Hakufikiri amekaaje mpaka aliposikia kigelegele kimoja cha wasiwasi, kisha Mama Musimenta akainama haraka na kumtia kitenge mikononi. Mwenyekiti alikuwa ameona nafasi ya kuiokoa siku yake. Edisa alikuwa amepiga magoti, na mbele yake palikuwa na miguu ya Alisi.

Edisa aliinuka. Aliinuka wima, akapangusa magoti, akampa Immy kitenge.

"Mfunge wewe. Mwenye kuomba msamaha leo ni wewe. Na umfunge ukiwa umesimama."

Immy akamfunga, vibaya, fundo likielea upande. Hakuna aliyepiga makofi.

Edisa alimwinamia mzee sikioni. "Nisamehe kwa ya mtoto wangu," alisema. "Yako, mimi sijakusamehe. Leo nimejua pia kwamba huenda nisiweze."

"Sikukuomba," alijibu Alisi. Alikisugua kitenge kwa kidole, kama anayekagua nguo sokoni. "Baba yako aliniachia batoto sita na gunia ya chumvi. Alikuwa anakuja na peremende, mukamupenda ye. Hiyo haifanye nilikuwa na haki. Niko nakwambia tu ile nilikuwa nayo." Kisha akaiangalia khanga iliyokuwa mkononi mwa Edisa. "Na hiyo musitupe. Mbuzi yangu haijalamba chumvi tangu mvua ianze."

Basi kisasi cha Edisa, kilichosubiri miaka yote ile, kikafungwa kwenye khanga na kupelekwa kulambwa na mbuzi. Hata khanga yenyewe hakurudishiwa.

Wakaondoka kurudi Kasese. Immy alibandika uso kwenye kioo. Walipokaribia Kikorongo, Edisa alimwambia dereva asimame tena.

"Yule mama wa chumvi yuko pale," alisema. "Ulimwona alivyofunika shingo?"

Immy alichorachora kioo kwa kidole.

"Utakwenda kumwomba msamaha. Kisha tutaongea kuhusu simu."

"Mimi sitaki. Wewe uliona, na ulicheka."

"Nilicheka. Ndiyo maana nami nitamwomba. Lakini wewe utaanza."

"Na nisipoenda?"

"Tutakaa hapa."

Wakakaa. Dereva alishuka kununua mahindi ya kuchoma, akarudi, akaanza kuguna, Edisa akamkata jicho moja. Lori la samaki lilisimama likaondoka. Edisa alikuwa bado ana hasira, na Alisi, na baba yake aliyelala kaburini na sifa zake, na yeye mwenyewe. Aliihisi imemkaa kifuani na hakuifukuza. Bila kufikiri alikuwa akitoa punje za chumvi zilizomganda gotini, akizidondosha nje ya dirisha.

Immy alimtazama vidole. Akamtazama goti.

"Kumbe ni hivyo vidoa," alisema taratibu. "Mimi nilidhani ni ndui." Akaligusa goti kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu kama chuma ni moto. "Iliuma?"

Hilo swali Yonasani hakuwahi kuliuliza.

"Iliuma," alisema. "Mpaka leo inauma."

Immy alifuta pua kwa mkono wa shati. Alifungua mlango wa gari, akashuka, akavuka barabara kichwa kimeinama. Mwanamke wa chumvi alimwona akija, akaishika leso yake tena. Immy alisimama mbele yake. Hakujua aanzeje, hakuwahi kuomba msamaha maishani mwake, akakumbuka tu kile alichokiona siku ile, na Edisa akamwona anaanza kukunja magoti juu ya changarawe ya njia panda.

"Hapana!" Edisa alitoa kichwa dirishani, akapiga ukelele mpaka wachuuzi wote wakageuka. "Immy, hapana! Simama! Mwombe ukiwa umesimama!"

Mtoto akasimama wima, akafungua mdomo, na mama yake akashuka garini kumfuata.